Pengo la Kinu

Mtu aliyekata ukurasa wa tasnifu yangu kwa wembe sijamsamehe. Naanza na hilo ili msomaji asije akasubiri mpaka mwisho akidhani nitalainika. Nimeshauriwa na watu wazima, nimeombewa kanisani kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, mama yangu amenikalisha chini mara mbili kunieleza habari za kuachilia. Nikamwitikia, "Sawa mama," nikanywa chai yake, nikatoka na hasira yangu nzima kama nilivyoingia nayo.

Tasnifu hiyo niliiandika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya usanifu majengo, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua jengo moja, alipime lote, alichore, na aandike habari zake. Wenzangu walichagua misikiti ya zamani, stesheni na maghorofa ya katikati ya mji, vitu unavyoweza kuvipima asubuhi na mchana ukala chipsi. Mimi nilipanda basi hadi Shinyanga, nikalala nyumbani siku moja, nikaendelea mpaka Kahama na kutoka hapo hadi kijijini kwa bibi mzaa mama, kwenye ukanda wa machimbo ya Geita. Nilikwenda kupima nyumba yake ya msonge. Nililelewa humo hadi darasa la nne, na sasa mgodi ulikuwa umeshapiga rangi nyekundu kwenye miti yote ya upande ule. Kila mtu alijua kijiji kitahamishwa, na kwamba nyumba ile itageuka shimo.

Nilipima siku sita. Bibi alinishikia ncha ya pili ya tepu huku akilalamika.

"Umesomeshwa miaka yote hiyo, uje kupima nyumba ambayo mimi na babu yako tuliipima kwa nyayo?"

"Bibi, vuta tepu, imelegea."

"Imelegea kwa sababu huna akili. Kazi yako nini mjini, kupima vilivyokwisha kupimwa?"

Nikapima ukuta wa nje na ukuta wa ndani, nguzo za paa, mlango, kihenge cha mtama, uzio wa minyaa. Nikapima na kinu. Na kwenye kinu ndipo nilipokosea, nami nakiri kosa langu mapema kwa sababu habari yote hii imekaa juu yake.

Msanifu anapochora ramani ya nyumba hujifanya ameikata kwa msumeno usawa wa kifua, akaondoa sehemu ya juu, akasimama kutazama kilichobaki. Kilichopitiwa na msumeno, yaani ukuta au nguzo, hukichora kwa mstari mzito. Kilicho chini ya msumeno, kama kitanda, kigoda au mafiga ya jikoni, hukichora kwa mstari mwembamba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Kinu cha bibi kilifika magotini tu, kwa hiyo kilistahili mstari mwembamba. Mimi nilikichora kwa mstari mzito, duara nene kabisa, kulia kwa mlango, kama nguzo.

Sikufanya makusudi. Kinu kile kilipasuka kitako kabla sijazaliwa, babu akakichimbia chini robo yake ili kisiyumbe, na tangu hapo hakikuondoka. Nyumba ilikandikwa upya mara mbili, paa likaezekwa upya sijui mara ngapi, kinu kikabaki palepale. Nilijifunza kutembea nikikishika. Kichwani mwangu hakikuwa chombo, kilikuwa nyumba, na mkono ukafuata kichwa. Wala sikuandika pembeni kwamba hiki ni kinu, maana nani asiyejua kinu. Picha nilizopiga upande ule zilitoka giza tupu.

Tena nikachora na pengo lake. Kwenye ukingo wa kinu palikuwa na sehemu iliyomegeka, upana wa vidole vinne, imeelekea mlangoni. Pengo hilo nililifanya mimi nikiwa na miaka minane. Nilitumwa kupasua kuni, nikaona uvivu kulifuata gogo, nikaegemeza ukuni juu ya kinu nikashusha shoka. Shoka likateleza. Bibi hakuniuliza swali. Alichuma ufito wa mpera akanichapa mpaka jirani akavuka uzio kuja kunitoa mikononi mwake. Kwa bibi kinu hakikaliwi, hakirukwi, seuze kupigwa shoka. Siwezi kulisahau pengo lile, na nilipolifikia kwenye mchoro nililipima kwa uangalifu kuliko mlango. Kinu kizima kilikuwa na kipenyo cha sentimita arobaini na mbili.

Sasa nije kwa mwalimu. Alikuwa msimamizi wangu, mtu wa sauti ya upole, mwenye kalamu tatu mfukoni na tabia ya kukuita "binti yangu" hata anapokukata maksi. Sitamnyima haki yake: ndiye aliyenifundisha kutumia maktaba. Kabla yake nilikuwa naingia, natafuta kiti chini ya feni, nafungua daftari, nasinzia. Yeye alitupeleka darasa zima, akatuonyesha namna ya kutafuta kwenye katalogi kwa somo badala ya jina la kitabu, namna ya kufungua majarida ya mtandaoni ambayo hayafunguki nje ya chuo, droo za ramani za wapima ardhi wa zamani, picha za vijiji zilizopigwa kutoka angani, na chumba cha nyaraka ambako unaacha begi mlangoni, unapewa kibati chenye namba, unaingia na penseli tu. Huko ndiko tasnifu za wanafunzi zinakohifadhiwa. Hazitoki nje, na anayetaka kuisoma anaandika jina na tarehe kwenye kadi iliyo nyuma ya jalada. "Maktaba haisahau," alituambia. "Kila aliyegusa kitu humu ameacha alama." Niliyaandika maneno hayo daftarini.

Tasnifu yangu aliipa C. Nilikwenda ofisini kwake kuuliza sababu. Akanipa kiti, akaifungua tasnifu, akapitisha kidole juu ya ramani yangu kubwa ya kukunja, ile ya msonge, taratibu kabisa.

"Binti yangu, umefanya kazi kwa bidii. Lakini nyumba ya bibi yako si utafiti. Haina jipya."

Nikasema ahsante mwalimu, nikatoka. Nililia kwenye ngazi. Ile C ilininyima nafasi ya kuendelea na uzamili mwaka uleule, nikarudi Shinyanga kuchora fremu za maduka za wafanyabiashara wa Nyasubi kule Kahama, ambao kila mmoja alitaka roshani hata kama duka lenyewe halikuwa na choo.

Miaka ikapita. Kijiji kikahamishwa, msonge ukabomolewa asubuhi moja, na bibi akapewa nyumba mpya ya tofali na bati katika makazi mapya. Alikataa kupanda lori mpaka kinu kichimbuliwe na kuwekwa ndani ya lori hilohilo, mbele yake, akikishika. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza nilikuta kulia kwa mlango wake pamesimama nguzo ya zege. Ilikuwa ndefu hadi usawa wa kifua, haikushikilia kitu chochote, na ilikaa karibu na mlango kiasi kwamba mtu mwenye ndoo kichwani ilimbidi apite ubavu. Kitanda cha bibi kilishindwa kuingia, ikabidi wakikate miguu. Nyumba ya jirani ilikuwa nayo. Mtaa mzima ulikuwa nayo. Na kila nguzo, juu kwenye ukingo, ilikuwa na pengo.

"Bibi, hii kazi yake nini?"

"Wanasema ni ya mababu zangu."

"Mababu zako walikuwa na nguzo ya hivi?"

"Mimi siikumbuki. Labda walimwambia mhandisi."

Nilicheka siku ile. Kosa la mchoro wa mkono wangu mwenyewe lilikuwa limenisimamia mlangoni, nami, bila kulitambua, nikaliegemea nikinywa uji.

Nilikuja kuelewa mwaka uliofuata, nilipofanikiwa kurudi chuoni kwa uzamili. Nilitaka kuandika juu ya nyumba za watu waliohamishwa na migodi, na nilianza kama nilivyofundishwa, kwenye katalogi, kwa somo. Nikaandika msonge. Kompyuta ikaleta vitu vichache, kati yao tasnifu yangu, na kitabu chembamba cha mwalimu wangu juu ya makazi ya asili ya kanda ile. Nikapanda ghorofani, nikafuata namba ya rafu, nikakitoa, nikakifungua nikiwa bado nimesimama.

Katikati palikuwa na ramani yangu.

Ukuta wangu wa nje, ukuta wangu wa ndani, kihenge changu, uzio wangu wa minyaa na uwazi wake wa kupitishia ng'ombe. Kulia kwa mlango duara nene, kipenyo sentimita arobaini na mbili, na pengo limetazama mlangoni. Chini yake jina lake, na maneno kwamba yeye ndiye aliyepima. Kisha kurasa nne nzima juu ya duara lile. Aliliita nguzo ya mababu. Alieleza kwamba mwenye nyumba huigusa akiingia, na kwamba lile pengo ni mahali pa kumiminia pombe ya tambiko. Mwisho alishauri kwamba nyumba zozote watakazojengewa watu wa huko ziheshimu mila hiyo kwa kuwekewa nguzo ya kudumu, ikibidi ya zege.

Nilikaa chini sakafuni, katikati ya rafu. Nyumba ambayo haikuwa na jipya. Amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, amenipa C, kisha amechukua fito za mpera za bibi yangu akazigeuza tambiko. Na ujinga wake ukamwagiwa zege, bibi kizee akakatiwa kitanda. Pale sakafuni niliapa mambo mawili: nguzo itoke mlangoni kwa bibi, na mtu huyu aseme mbele za watu kwamba hakuipima nyumba ile. Nilitaka vyote, wala sikuwa tayari kubadilisha kimoja kwa kingine.

Nikashuka chumba cha nyaraka, nikaacha begi, nikapewa kibati. Mkutubi wa chumba kile alikuwa mama mtu mzima mwenye ushungi wa buluu, mwenyeji wa Tabora, aliyekaribia kustaafu. Tangu nikiwa mwanafunzi alikuwa akininyang'anya peremende mlangoni na kunirudishia nikitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi? Naona umenenepa."

Nikamwomba tasnifu yangu. Akaniletea. Niliifungua palipokuwa na ramani ya kukunja, nikakuta kipande cha karatasi chenye upana wa kucha, kimenyooka vizuri, kimebaki kwenye uzi wa jalada. Ramani haikuwepo. Imekatwa kwa wembe na mtu mwenye mkono uliozoea kukata karatasi. Nilivyodhani, ndiyo karatasi pekee iliyokuwa na jina langu na saini yangu juu ya mchoro ule. Nikaona kila kitu kimeniponyoka. Nikimfuata sasa, atasema mimi ndiye niliyenakili kitabu chake, na nani angemwamini mchora fremu za maduka.

Mama mkutubi alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye kile kipande. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. Hakupaza sauti. Alifungua jalada la nyuma akatoa kadi. Kadi ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza jina langu, siku niliyokuja kuitazama tasnifu yangu ikiwa imewekwa rafuni, nikijivuna peke yangu. Wa pili jina la mwalimu, kwa wino wa kijani aliopenda kutumia, maana walimu hawakunyang'anywa kalamu mlangoni, mwaka mmoja kabla ya kitabu chake.

"Wewe ulikata?" akaniuliza.

"Mama, nikate yangu mwenyewe?"

"Basi wamebaki wangapi?"

Akairudisha kadi mahali pake. Kisha akaniambia jambo ambalo mwalimu, pamoja na ujuzi wake wote wa maktaba, hakulijua, kwa sababu walimu huwatuma wanafunzi kuwasilisha tasnifu na wao hawafiki pale dirishani zinapopokelewa. Kila tasnifu huletwa nakala mbili. Moja huenda rafuni. Ya pili hufungwa kwa kamba na kushushwa stoo ya chini, haisomwi na mtu, haina hata kadi. Nikakumbuka jinsi nilivyolalamika siku ile kwa gharama ya kuchapisha mara mbili. Mama mkutubi alitaka barua ya idara na saini ya mkuu wa maktaba. Nilizitafuta siku tisa. Siku ya kumi alipanda ngazi kutoka stoo mwenyewe, ushungi umejaa vumbi, akaweka kifurushi mezani na kukata kamba. Ramani yangu ilikuwamo, imekunjwa kama nilivyoikunja. Alinitolea nakala kivuli, akagonga muhuri wa maktaba kila kona, akaandika tarehe iliyopokelewa.

"Mwanangu, mtie adabu," alisema. "Mtu akianza kukata vitabu hawezi kuacha."

Ningeweza kuipeleka ile karatasi moja kwa moja kwenye kamati ya chuo. Rafiki zangu walinisihi hivyo. Sikutaka. Kamati ingemwita kwenye chumba chenye kiyoyozi, wangemwita "Daktari" kwa heshima, wangenywa maji ya chupa, na bibi yangu angeendelea kupita ubavu. Nikamweka kiporo. Nilikuwa nimesikia kwamba mgodi utajenga nyumba nyingine za awamu ya pili, na kwamba mtaalamu wao, ambaye ndiye mwalimu wangu, atakuja mwenyewe kuwaonyesha wanakijiji michoro. Nikasubiri tarehe, nikapanda basi.

Nilifika siku moja kabla, nikamweleza bibi kila kitu. Alinisikiliza akichambua karanga. Nilipomaliza akaziacha karanga, akaitazama nguzo mlangoni.

"Bibi, kuna nini?"

"Wageni wanakuja hapa kupiga picha hiyo nguzo. Wazungu, wanafunzi, watu wa mgodi. Wananiuliza, bibi, ni ya mababu? Nawaambia ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wanakuja na sukari."

Nilishika kichwa. Shahidi wangu pekee alikuwa amenunuliwa kwa sukari, kilo kwa kilo, na jikoni mwake mlikuwa na ndoo imejaa. Akaniambia amewaeleza wengine mpaka jina la babu aliyeisimika, jina alilolitunga papo hapo. Nikamwambia kama kesho hatasema ukweli, nyumba zote mpya zitapigwa zege mlangoni, na wazee wenzake watakatiwa vitanda. Akaendelea na karanga. "Nitaonekana mwongo," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira hata naye.

Mkutano ulifanyika asubuhi chini ya turubai, kwenye uwanja wa shule ya makazi mapya. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, watu wawili wa mgodi na kofia zao ngumu, na wanakijiji wengi wakiwa wameketi chini. Mwalimu alisimama mbele na michoro yake imebandikwa ubaoni. Alikuwa amezeeka kidogo, kalamu bado tatu. Alieleza kwa sauti ileile ya upole juu ya vyumba na madirisha, kisha akafika kwenye nguzo. Akasema ni heshima kwa mila za wenyeji. Akasema pengo ni la kumiminia pombe. Baadhi ya wazee walitazamana, lakini mgeni amevaa koti na anazungumzia mababu zao kwa heshima, nani ataanza kumbishia.

Mtendaji alipouliza kama kuna swali, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo mwalimu."

Alinikumbuka. Niliona kope zikipepesa. "Marahaba, binti yangu."

"Nyumba ulimoitoa nguzo hiyo, uliipima mwenyewe?"

"Nilipima mwenyewe, ndiyo."

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki mbili, kama sikosei."

"Nani alikushikia ncha ya pili ya tepu?"

Akatabasamu, akasema ni miaka mingi, walikuwepo vijana wa kijiji. Nikamuuliza nguzo ilikuwa ya mti gani. Akasema mninga. Nikamuuliza ilifika wapi kwa urefu. Akaweka mkono kifuani. Nilikuwa nikimvuta polepole, na sitadanganya, nilifurahia kila hatua. Nikamwomba awasomee watu kipenyo kilichoandikwa kitabuni mwake, maana nilikuwa nacho. Akasoma, sentimita arobaini na mbili.

Nikageuka kumtazama bibi. Ndipo nilipoona mahali alipokuwa ameketi pako wazi. Nikajua amekimbia na sukari yake.

Hakuwa amekimbia. Alikuwa anakuja kutoka nyumbani kwake, nyuma yake wanawake wawili wakikivingirisha kinu ardhini. Alikuwa amevaa kanga yake ya msibani. Watu wakawapisha. Walikisimamisha mbele ya ubao, kikiwa kikavu na cheusi, kitako kimefungwa waya, na bibi akaegemea ukingo wake kupumua.

"Mwangaluka," alisalimu kwa lugha ya kwetu. Watu wakaitikia. "Mimi nimewadanganya wageni. Walikuwa wananiletea sukari, na mimi napenda chai. Nguzo ya mababu haipo, haikuwahi kuwepo. Hiki ndicho kilichokuwa mlangoni kwangu. Pima, mjukuu wangu."

Nikatoa tepu. Bibi akashika ncha ya pili, bila kuambiwa. Nilimwita mtendaji asome yeye. Akainama, akasoma, arobaini na mbili. Nikakifungua kile kivuli chenye mihuri ya maktaba, nikakiweka juu ya kinu, nikazungusha mpaka pengo la kwenye karatasi likaelekea sawa na pengo la kwenye mti. Mmoja wa watu wa mgodi alisogea, akasoma jina langu kwenye kona, akasoma tarehe ya muhuri, kisha akakichukua kile kitabu mikononi mwangu akatafuta tarehe yake. Wanawake wa nyuma walianza kucheka, cheko la chini chini lililokuwa likisambaa kadiri mmoja alivyomweleza mwenzake kwamba wamepita ubavu miaka yote ile kwa heshima ya kinu.

Mwalimu alifungua mdomo. Alisema pengine kulikuwa na mchanganyiko wa kumbukumbu, kwamba katika utafiti hutokea watu wawili wakapima nyumba moja, kwamba mila hubadilika. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka vidole vyake vinne ndani ya lile pengo, vikaenea.

"Huyu mtoto ndiye aliyekimega kwa shoka," alisema, akininyooshea kidevu. "Nikamchapa mpaka majirani wakaja. Na wewe, baba, kwa pengo hili ulichapwa na nani?"

Mwalimu alikusanya kalamu zake zilizokuwa mezani, moja moja, ingawa zilikuwa tatu tu. Mtendaji alimuuliza mara ya pili kama aliipima nyumba ile, na safari hii akasema hapana. Alilisema kwa sauti ndogo. Nilimwomba arudie ili walioketi nyuma wasikie, akarudia.

Nje ya turubai alinifuata. Akaniita tena binti yangu, akasema haya mambo tuyamalize sisi wenyewe, ana familia, amebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimwambia mimi nilibakiza muda mfupi kuingia uzamili. Nikaendelea kutembea. Kamati ya chuo ilikaa baadaye, tena kwa muda mrefu, ikaandika barua ndefu. Kitabu kikaondolewa rafuni na kadi yenye wino wa kijani ikawekwa kwenye faili lake. Mwalimu alimtuma mchungaji kwetu Ngokolo kuniomba radhi. Mama alimkaribisha mchungaji, mimi nikamchinjia kuku, akala, akarudi na jibu lilelile.

Nyumba za awamu ya pili zilijengwa bila nguzo. Ya bibi ilivunjwa kwa nyundo na mafundi wa mgodi siku mbili nzima, maana zege lilikuwa zuri. Bibi alikaa kwenye kigoda akiwasimamia. Shimo lilipobaki wazi aliwazuia wasilifukie. Akaagiza kinu kiletwe, kikachimbiwa chini robo yake palepale kulia kwa mlango, kikamwagiwa saruji kuzunguka kitako ili kisije kikayumba tena. Hakizibi njia, maana kinafika magotini. Pengo aliwaambia walielekeze mlangoni.

Nikaja na tepu yangu nikaipima nyumba upya, siku mbili, bibi akilalamika kwenye ncha ya pili. Ramani hiyo imo kwenye tasnifu yangu ya uzamili, nakala mbili, niliyoipeleka mwenyewe kwenye dirisha la mama mkutubi wiki moja kabla hajastaafu. Kulia kwa mlango kuna duara. Msimamizi wangu mpya aliniandikia pembeni kwa penseli kwamba kinu kiko chini ya usawa wa kukata, kwa hiyo kinastahili mstari mwembamba. Nilifuta penseli yake. Nimekichora kwa mstari mzito, na safari hii ni makusudi.